Alikuwa Akilala Mlangoni

Ninalo daftari la riwaya ambayo haiendi mbele. Imekwama kwenye sentensi moja: "Bibi alinilinda." Kila nikiisoma naiona imekufa, kama maelezo ya polisi. Alinilinda lini? Mara ngapi? Kisha akaacha?

Msaada ulitoka nisikotegemea. Siku moja hapa Dodoma mjini, kwenye meza ya vitabu vya mitumba, nilikuta sarufi ya Kihispania isiyo na jalada. Nikainunua kwa sababu moja tu: ndiyo lugha aliyoandikia Gabriel García Márquez, yule Mkolombia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Sikufika mbali, ila nilifika kwenye wakati uliopita. Kumbe wenzetu wanazo njia mbili! Wakisema "me protegió", ni alinilinda, jambo likaisha. Wakisema "me protegía", ni jambo lililokuwa likiendelea au kujirudia, na mwisho wake hauonyeshwi.

Nikacheka peke yangu. Si ndiyo "alikuwa akinilinda" yetu hiyo?

Nililelewa na Bibi upande wa Bahi, ndani ya tembe, ile nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo. Kila usiku Bibi alikuwa akitandika ngozi yake mlangoni kabisa, analala hapo. Nikimuuliza, anasema, "Joto, mume wangu. Huko ndani joto." Nami nikiamini. Niliamini hata mwezi wa saba, wakati baridi ya kwetu inaingia mpaka kwenye mifupa na upepo unapita chini ya mlango. Mtoto, si unajua tena.

Nilipomaliza kidato cha nne ndipo mama mdogo akanieleza. Kulikuwa na ndugu mmoja wa ukoo, jina simtaji, aliyetaka niache shule nikamchungie ng'ombe. Akilewa alikuwa akitishia kuja kunichukua usiku. Na usiku mmoja alikuja kweli. Bibi hakupiga kelele. Aliinuka na fimbo, akasimama mlangoni. Yule bwana akarudi alikotoka. Mimi nilikuwa nimelala fofofo.

Basi usiku ule mmoja ndio "alinilinda". Nao ndio watu hupenda kuusimulia. Hata mimi nilitaka kuanza nao riwaya. Lakini fimbo iliinuliwa mara moja tu. Baridi ile aliilalia miaka saba yote ya shule ya msingi, na hiyo ndiyo "alikuwa akinilinda". Tena nimegundua kwamba "nilikuwa nikilindwa" ni maneno ambayo mtoto hawezi kuyasema wakati ule ule. Huyasema akishakua, na pengine amechelewa kushukuru.

Mimi sijachelewa. Siku hizi Bibi haoni vizuri, na usiku huamka akatoka nje, akapotea njia. Kwa hiyo mwezi wa saba uliopita nilihamishia mkeka wangu mlangoni. Usiku akaja akipapasa ukuta, akanigusa bega.

"We, mbona umelala hapa?"

"Joto, Bibi."

Akanyamaza kidogo. Kisha akarudi ndani polepole, akaleta blanketi lake, akanifunika.