Ndoa Isiyo na Ridhaa

Msimu wa mavuno ya mpunga, nilipokuwa nyumbani Ifakara, binti wa kaka yangu alinijia akitaka kujua namna ya kudai talaka. Alikuwa ameozwa kwa shuruti, na mahari yake ilikwisha kuliwa.

“Baba mdogo, nikiachika nitaitwaje?”

Nilimweleza kwamba talaka huvunja ndoa iliyopo. Bali kwa kifungu cha 38 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa iliyofungwa bila ridhaa ya hiari ya mmojawapo ni batili. Ikithibitika, mahakama hutamka tu ubatili huo.

Akanyamaza kitambo. “Kumbe sikuwahi kuolewa?”

Nami, niliyekula pilau ya harusi ile bila kumwuliza kama ameridhia, sikuweza kumtazama usoni.