Hata Bitiruti Ina Lebo

Nilianza kutengeneza yogati hapa Ndabibi kwa sababu maziwa ya jioni yalikosa mnunuzi. Watoto waliipenda ya waridi, basi nikawa naitia unga mwekundu wa dukani. Siku hizi natumia bitiruti, na ni kazi kwelikweli.

Bitiruti hutoka udongoni na vijidudu vyake, kwa hiyo juisi yake lazima ipate moto. Lakini moto ukizidi, wekundu hugeuka kahawia. Mimi huisugua kwa burashi, nikamenya, nikasaga, nikakamua kwa kitambaa safi, nikachemsha muda mfupi na kupoza upesi. Naitia kwenye yogati ikiwa imeshaganda na kupoa. Uchachu huilinda rangi. Jua la dirisha la duka huimaliza. Na ukizidisha kipimo, yogati yanuka shamba.

Siku moja afisa wa afya alinikuta sokoni Naivasha. Nikamwambia kwa majivuno, "Daktari, hii haina kemikali, ni ya shambani."

Akacheka. "Mama, hata uyoga wa sumu ni wa shambani. Hebu nione lebo."

Tangu hapo bitiruti naiandika kwenye lebo kama ninavyoandika maziwa na sukari. Katika orodha ya kimataifa ya Codex ya viongezo vya chakula, wekundu wake una namba 162. Rangi ya kiungo cha manjano ni 100, na ya mmea wa bixa wanaoulima wenzetu wa Kwale ni 160b. Marekani nako, Januari 2025, serikali ilifuta kibali cha rangi nyekundu namba 3 katika vyakula, ambayo asili yake ni petroli. Hata hivyo, rangi za mimea zinazotaka kuchukua nafasi yake nazo huombewa kibali, moja baada ya nyingine.

Tahadhari hiyo, hata kwa rangi za mimea, ina sababu. Bangladesh, wasagaji walikuwa wakichanganya manjano na kromati ya risasi ili ing'ae. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Mwaka 2019 serikali ikaanza kuwaandama, na manjano ni unga wa mmea, si wa kiwandani.

Sikatai yogati yangu ipimwe; lalamiko langu ni gharama ya kupima maabara, kwani kwa mwenye lita chache kama mimi faida yote yaishia hapo. Kaunti itupimie kwa vikundi, tuchangie. Nawe mnunuzi, ukiambiwa rangi ni ya asili, omba lebo uisome kabla hujatoa pesa.