Paa Ligeukapo Kisima: Shule ya Uaso Nyiro, Laikipia

Msafiri atokaye Nanyuki, mji wa Kenya ulio kwenye mstari wa Ikweta, akashika njia ya kaskazini-magharibi, huuacha Mlima Kenya nyuma yake na kuingia katika nchi nyingine kabisa. Mashamba hupungua, miti ya migunga huanza, na vumbi hutanda barabarani. Hii ndiyo Laikipia. Mlima huo pamoja na safu ya Nyandarua huzikinga pepo ziletazo mvua, hata uwanda huu ukabaki kupokea masalio tu.

Mto Ewaso Ng'iro wapita katika nchi hiyo, lakini mto si bomba. Katika shule nyingi za nyanda kame, mtoto huja asubuhi na daftari mkono mmoja na dumu la maji mkono wa pili. Njia ya mtoni ina tembo, na maji yenyewe mara nyingi huleta maradhi ya kuhara. Saa za kuchota maji ni saa zilizoibwa darasani, na wasichana ndio waibiwao zaidi.

Ndiyo maana Shule ya Msingi ya Uaso Nyiro yastahili kutazamwa. Mwaka 2012 lilikamilika hapo jengo lililochorwa na Jane Harrison na David Turnbull wa taasisi ya PITCHAfrica. Shule ya kawaida ni safu moja ndefu, na paa lake humwaga maji mbele na nyuma. Hapa madarasa manne yamezunguka ua, na paa la mita za mraba 600 limeinamia ndani. Maji yote huelekea mahali pamoja, yakachujwa na kuingia katika tangi lililo chini ya ua. Juu ya tangi hilo watoto hukaa kwenye ngazi na kutazama michezo. Kuta za nje hulinda bustani ya mboga. Wajenzi walieleza kwamba gharama zilikaribiana na zile za shule ya kawaida.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja. Basi mvua moja ya milimita 20 juu ya paa hilo ni lita 12,000. Wachoraji walikadiria mavuno ya lita 350,000 kwa mwaka, lakini tangi walilolichora ni la lita 150,000 tu. Hawakukosea. Mvua haiji yote kwa mkupuo mmoja, na maji hutumika huku mengine yakiingia. Kipimo cha tangi ni urefu wa kiangazi. Watoto 300 wakitumia lita 5 kila mmoja kwa siku, tangi lililojaa litawatosha siku 100 za masomo, muda uzidio muhula mmoja.

Mwaka 2013 shule hiyo ilitunukiwa nchini Marekani sifa ya kuwa miongoni mwa shule zitunzazo mazingira kuliko zote duniani.

Akiba haiozi, wasema wahenga. Lakini akiba ya maji huoza isipotunzwa. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na kinyesi cha ndege, hivyo maji yake humwagwa yasiingie tangini. Mifereji husafishwa majani kabla ya masika. Tangi hufunikwa, kwa kuwa mwanga huzalisha ukoko wa kijani na uwazi hukaribisha mbu. Maji ya kunywa huchujwa au huchemshwa.

Jamaa ikaayo katika nyumba ya bati, iwe kambini au kijijini, yaweza kuifanya hesabu hiyo hiyo. Paa la mita 6 kwa mita 5 lina mita za mraba 30. Mvua ya milimita 20 ni lita 600. Zikipotea lita 120 kwa kurukia nje na kwa kuoshea paa, husalia 480, yaani madumu 24 ya lita 20. Hayo ni madumu 24 ambayo hakuna mtoto aliyeyatwika kichwani.