Wageni wa Mlima wa Genting

Katika nchi ya Malaysia, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka mji mkuu wa Kuala Lumpur, upo mlima uitwao Genting, katika safu ya milima ya Titiwangsa, mpakani mwa majimbo ya Pahang na Selangor. Kimo chake ni kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, na kwa hivyo wakati watu wa mjini wanapotokwa na jasho kama tutokwavyo sisi watu wa Pwani wakati wa kaskazi, walio mlimani huvaa makoti. Juu ya mlima huo hapakujengwa kijiji wala ngome. Zimejengwa hoteli, na ndani ya hoteli hizo mna kasino, yaani majumba ya kuchezea kamari, nayo ndiyo ya pekee iliyoruhusiwa na sheria katika nchi nzima. Sisi tulikaa huko siku mbili tukiwa wageni, nasi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu tuliyoyaona, kwani wako Waislamu wengi siku hizi ambao kazi, au biashara, au watoto wao huwafikisha katika hoteli za namna hii.

Huenda msomaji akastaajabu: mwalimu wa madrasa amefuata nini katika nyumba ya kamari? Jawabu lake ni jepesi. Mtoto wa ndugu yetu alikuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu kilichoasisiwa mwaka 1983, ambacho kipo Gombak, ukingoni mwa Kuala Lumpur, na ambacho vijana wa Afrika ya Mashariki wamekuwa wakikiendea miaka mingi. Alipohitimu alitualika, sisi na wa nyumbani kwetu, na baada ya sherehe akatwambia, "Ami, joto limewachosheni. Nimewakatieni chumba mlimani." Alikuwa amekwisha kulipa. Tulipomwuliza ni mlima gani akatutajia jina, nasi tukanyamaza kitambo. Akaona kunyamaza kwetu, akaeleza kwamba Waislamu wa nchi ile hupanda huko na watoto wao, wakapata baridi na michezo, wala hawaingii kunako kamari. Tukasema tutakwenda, tukaone kwa macho.

Kupanda kwenyewe ni kwa vibanda vya kioo vinavyovutwa juu ya msitu kwa kamba ya chuma, mwendo wa kiasi cha dakika kumi. Vingine vina sakafu ya kioo pia, na wa nyumbani kwetu alivikataa hivyo kwa neno moja. Katika hicho chenye sakafu imara tulichopanda, alifumba macho akasoma Ayatul Kursiyyu mpaka mlango ulipofunguliwa kileleni.

Mpaka mwaka 1965 kilele hicho kilikuwa msitu mtupu. Aliyekiona kuwa mahali pa wageni ni Lim Goh Tong, Mchina aliyezaliwa mwaka 1918 katika jimbo la Fujian na kuhamia Malaya mwaka 1937, akawa seremala, kisha mkandarasi. Mwaka 1964 alikuwa na kazi ya mitambo ya umeme wa maji huko Cameron Highlands, akaona jinsi watu wanavyosafiri masafa marefu kutafuta baridi, akafikiri kwamba mlima wa baridi ulio karibu na mji mkuu ungewafaa zaidi. Mwaka uliofuata akaunda kampuni pamoja na Mwislamu mmoja wa Kimalay, Mohamed Noah Omar, aliyekuwa Spika wa kwanza wa Bunge la nchi hiyo, na baba mkwe wa Abdul Razak na Hussein Onn, mawaziri wakuu wa pili na wa tatu. Kuipasua barabara katika mwinuko ule kulichukua karibu miaka minne. Mwaka 1969 Waziri Mkuu Tunku Abdul Rahman akaweka jiwe la msingi, na rukhsa ya kasino ikapatikana. Mwaka 1971 hoteli ya kwanza ikafunguliwa. Tangu hapo zimeongezeka mpaka mmoja wao, First World Hotel, ina vyumba 7,351, na kwa hesabu hiyo kitabu cha Guinness kikaiandika mwaka 2015 kuwa hoteli yenye vyumba vingi kuliko zote duniani. Ukigawa mgeni mmoja kila chumba, ni watu wa mji mzima mdogo wa kwetu wamelala chini ya paa moja.

Tuliyokaa sisi haikuwa hiyo, bali ni ya daraja ya juu zaidi, na hapa lazima tuseme kweli kwa insafu. Tumekwisha kulala katika nyumba za wageni nyingi, za Bara na za Visiwani, na hatujapata kupokewa namna ile. Bawabu alitangulia kutamka salamu alipoiona kofia. Mizigo ilifika chumbani kabla yetu. Sakafu ilikuwa ya marmar, zulia lilimeza sauti za viatu, na kitanda kilikuwa kipana hata mtu akajiona kama yuko peke yake uwanjani. Birika la maji ya moto, chai, ndara, mataulo, kila kitu kilikuwa mahali pake, safi kama kilichonunuliwa jana. Na tulipoinua macho tukaona darini mshale mdogo umebandikwa, umeandikwa kibla. Tuliutazama mshale ule kwa muda mrefu. Chini yetu, kwa kadiri ya ghorofa chache, watu walikuwa wakicheza kamari usiku na mchana, na juu ya vichwa vyetu palikuwa na alama ya kutuelekeza Makka.

Katika chakula yampasa Mwislamu awe macho. Mikahawa mlimani ni mingi sana, na baadhi yake ina cheti cha halali cha idara ya serikali iitwayo JAKIM, na mingine haina, na yote imepangwa ukuta kwa ukuta, taa zake sawa na harufu zake zinavutia sawa. Asiyejua kutazama cheti mlangoni anaweza kukaa kwenye meza isiyomfaa kabla hajatahamaki.

Baada ya Isha tulitembea na kijana wetu katika njia za ndani, ambazo ni soko zima la maduka, watoto wakikimbia huku na huku, na ghafula tukajikuta mbele ya mlango wa kasino. Tulikuwa tumedhani mlango huo utakuwa umefichwa pembeni. Haukufichwa. Upo njiani pa watu wote, mpana, wenye taa za dhahabu, na kutoka ndani ilisikika milio ya mashine mfululizo kama vyombo vinavyoanguka bila ya kuvunjika. Bango limeandikwa kuwa Waislamu hawaruhusiwi kuingia, wala wasiotimia umri wa miaka 21. Mlinzi mmoja kijana alitutazama, akasema kwa upole, "Pakcik, Muslim?" Pakcik kwa Kimalay ni neno la kumstahi mtu mzima, kama ami au mjomba kwetu. Tukamjibu ndiyo, wala hatutaki kuingia. Akaweka mkono kifuani akatabasamu. Kijana wetu akatueleza kwamba kadi ya uraia ya Mwislamu katika nchi ile imeandikwa dini yake, na kwa hivyo si rahisi kwa mwenyeji kujificha mlangoni.

Watu waliokuwa wakiingia wengi wao hawakuwa vijana wa anasa kama tulivyotazamia. Walikuwa wazee wa makamo, wanawake wenye mikoba ya sokoni, mabwana wenye makoti mepesi, wanaingia kwa utaratibu kama waingiao kazini. Bango lile lamkinga Mwislamu, nasi twalisifu kwa hilo. Lakini bibi mmoja aliyelingana kwa umri na dada yetu mkubwa alipita mbele yetu akivuta mguu, na hakuna bango lililomzuia yeye, ilhali naye ana watoto, na nyumba, na fedha zinazohisabika.

Basi tukamwuliza kijana wetu amelipa kiasi gani kwa chumba kile, kwani lilikuwa likitukera. Kiasi alichotaja kilikuwa kidogo kuliko tulivyokisia, karibu na bei ya hoteli ya wastani tu ya mjini. Hapo ndipo tulipoanza kuifahamu biashara yenyewe. Katika hoteli za kasino, huko na Marekani na kwingineko, kitanda si lazima kilete faida, kwa sababu faida huchumwa kwenye meza. Mchezaji hupewa kadi, na kadi hiyo huandika kila anachoweka, na kwa kadiri anavyoweka ndivyo anavyopewa chakula cha bure, kisha chumba cha bure, kisha chumba kikubwa zaidi na gari la kumfuata. Michezo yenyewe imepigiwa hesabu hata baada ya mizunguko mingi nyumba isikose fungu lake. Maana yake ni kwamba katika nyumba hizo mgeni anayepoteza sana ndiye anayekirimiwa sana.

Tulikesha kidogo kwa fikra hii. Sisi tumefundisha watoto kisa cha Nabii Ibrahim na wageni wake katika Suratu Dhariyat, jinsi alivyotoka taratibu kwenda kwa ahali zake, akarudi na ndama aliyenona, hakuwauliza watokako wala watakachomlipa. Twawafundisha pia kwamba Mtume (S.A.W.) ameifanya haki ya mgeni kuwa siku tatu. Ukarimu wote huo hutoka mfukoni mwa mwenyeji. Huu wa mlimani hutoka mfukoni mwa mgeni mwingine, ambaye hukumjua, na ambaye yumkini wakati ule ule alikuwa ghorofa ya chini akibadilisha noti yake ya mwisho. Na Qur'ani haikuficha kwamba katika kamari mna manufaa kwa watu, kama tusomavyo katika Suratul Baqara aya ya 219, ila imeyapima manufaa hayo na madhambi yake, ikayakuta madhambi kuwa ndiyo makubwa. Barabara ile ni manufaa. Maelfu ya ajira ni manufaa. Kitanda kile pia.

Alfajiri tulikwenda kusali katika surau, ndivyo waitavyo msikiti mdogo, uliomo humo humo katika majengo. Tulikuta watu wapatao kumi, wengi wao wafanyakazi wenye sare. Baada ya kutoa salamu mmoja wao, mtu wa miaka arobaini hivi, alitujia, na kijana wetu akawa mkalimani. Akasema, "Ustaz, mimi ni mtandika vitanda. Kwenye kasino siingii hata kwa kufagia. Mshahara wangu je?" Tulitamani kuwa mahali pengine. Sisi si mufti, na elimu yetu ni ya chuoni na ya msikitini. Tulimwambia kwamba anayetandika kitanda cha msafiri si sawa na anayegawa karata, na kwamba hata hivyo mas-ala yake ni ya watu wenye fatwa wa jimbo lake, awaendee. Akasema amekwisha kuwaendea wawili, na kila mmoja amejibu lake. Ana watoto wanne na mama mgonjwa. Tukamwombea dua ya riziki isiyo na shaka, akaitikia amin kwa sauti kubwa kuliko sisi, akaenda zake kazini.

Jirani zao wa Singapore wamelitazama jambo hili kwa namna nyingine. Walifungua majumba mawili ya kasino mwaka 2010, na moja kati yake ni la kampuni hii hii ya Genting. Hawakuzuia kwa dini. Waliweka kiingilio cha dola 100 za kwao kwa kila raia na mkazi, wakakipandisha kuwa dola 150 mwaka 2019, na mgeni wa nje huingia bila ya kiingilio hicho. Tena jamaa wa mcheza kamari, mke au mzazi au mtoto, aweza kuomba kwa baraza lililowekwa ili mtu wao afungiwe mlango. Serikali inayoitaka fedha ya kasino ndiyo iliyoona haja ya kuwahofia watu wake nayo. Sisi hili latutosha kuwa ushahidi, wala hatuhitaji kumtukana mtu.

Na wazazi wa kwetu wasidhani kwamba khabari hizi ni za mbali. Mlima wa Genting una bawabu anayeuliza dini na umri. Simu iliyomo mkononi mwa kijana wa Mombasa au wa Temeke, anayowekea fedha juu ya mipira ya Uingereza, haina bawabu mwenye kumwuliza dini yake, na bao moja la usiku laweza kuondoka na ada ya shule ya mdogo wake.

Wanaotuuliza kama inajuzu kulala katika hoteli kama ile twawajibu hivi: mwenye kupata pengine na apite pengine, kwani kuacha lenye shaka ni salama ya moyo. Asiyepata pengine, kwa kazi au kwa safari, na achague chumba kilicho mbali na kumbi hizo, asiwazoeze watoto wake kupita mbele ya mlango ule kama wapitao mbele ya duka la mikate, na akatae kila kadi ya zawadi atakayopewa wakati wa kuandikwa, hata akiambiwa ni ya chakula tu. Kijana wetu tulimwambia maneno haya haya, bila ya kumkemea, kwa sababu alichokifanya amekifanya kwa mapenzi na kwa fedha yake ya kuchuma.

Siku ya pili tuliteremka kwa gari. Chini kidogo ya kilele kuna mji mdogo uitwao Gohtong Jaya, kwa jina la yule Mchina, na karibu yake kuna Msikiti wa Yayasan Mohamed Noah, kwa jina la yule mshirika wake Mwislamu. Adhana ya Adhuhuri ilitukuta hapo. Walikuwapo wafanyakazi, na wenyeji wa mji ule, na familia nyingi zilizokuwa zikiteremka kama sisi, watoto wao wameshika vikaragosi vya michezo ya mlimani. Sisi tulikuwa wasafiri, lakini tulisali rakaa nne kwa kumfuata imamu mkazi. Maji ya udhu yalikuwa ya baridi sana.