Sindano ya Baba, na Kazi Iliyobaki Nyumbani

Leo tunaandika jambo ambalo tuliona haya hata kulitaja sisi kwa sisi: saratani ya tezi dume ya Baba yetu. Tumemwomba ruhusa, naye akasema, "Andikeni. Huenda mzee mwingine akapunguziwa taabu."

Sisi ni ndugu watatu wa kike. Tumeolewa huku Unguja, lakini kwetu ni Tabora, mji ambao wazee wa visiwani waliujua tangu enzi za misafara, ulipoitwa Kazeh, kituo kikubwa kati ya Bagamoyo na Ujiji. Baba na Mama wako huko hadi leo. Baba alikuwa akiamka mara tano, mara sita kila usiku kwenda haja ndogo, akisema ni uzee tu. Alipopimwa damu ile ya PSA, kisha akakatwa kinyama, ikabainika ni saratani, tena imeshatoka nje ya tezi. Tukampeleka Bugando, Mwanza.

Daktari alitueleza kwa lugha nyepesi. Saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, testosteroni, ambayo sehemu kubwa hutoka kwenye korodani. Ukiipunguza homoni, saratani hunyong'onyea, ingawa tiba hii peke yake kwa kawaida haiimalizi kabisa. Njia ni mbili: kufanyiwa upasuaji wa kuondoa korodani, au kuchomwa sindano. Baba alichagua sindano, inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya miezi mitatu. Alianza kwanza na vidonge, kwa sababu siku za mwanzo sindano hupandisha homoni kabla ya kuishusha.

Tukarudi tukidhani kazi imekwisha. Hapo ndipo tulipokosea.

Baada ya muda Mama akatupigia simu analia. Baba amehamia kulala sebuleni, hasemi, hali vizuri, hataki kuguswa. Mama akadhani amemchoka, au ana mtu mwingine. Mmoja wetu akapanda basi kwenda kuona. Usiku wa pili Mama alipita sebuleni, akakuta kanzu ya Baba imelowa jasho chapachapa, na hali ya hewa ni ya baridi. Akakaa chini akamwambia, "Baba watoto, haya mbona ni yale yale yaliyonipata mimi nilipokoma hedhi?"

Baba akacheka. Kisha akalia. Akamwambia yote: joto linalompanda ghafla kifuani hadi usoni, uchovu, hasira zisizo na sababu, na kwamba hamu ya unyumba imemtoka kabisa. Alidhani si mwanamume tena, akaona bora ajitenge. Kumbe yote hayo yanatokana na dawa, na hospitali wanayajua. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu sote tulikuwa tunaona haya.

Dada zetu, haya ni katika imani. Lakini Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza ili waifahamu dini yao. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu. Basi tukarudi kliniki, safari hii na Mama, tukauliza kila kitu.

Tuliyojifunza ni haya. Homoni ikishuka, saratani hupoteza chakula chake, lakini na mwili nao hupungukiwa. Misuli hulegea, mafuta hujaa tumboni, mifupa hupungua uimara, na sukari na shinikizo la damu huweza kupanda. Kwa hiyo ulinzi wa mwili uanze siku ile ile tiba inapoanza.

La kwanza ni kutembea na kutumia misuli. Baba sasa hutembea nusu saa kila asubuhi chini ya miembe. Mara tatu kwa wiki huketi na kuinuka kitini mara kumi bila kushika kitu, kisha hunyanyua vidumu viwili vya maji. Tulimwuliza daktari kwanza, maana saratani ikiwa imeingia kwenye mifupa, si kila kitu cha kunyanyua.

La pili ni chakula. Dagaa wa Kigoma wanaliwa na mifupa yao, ndiyo kalisi hiyo. Maziwa, maharage, karanga kidogo, mboga za majani. Ugali umepungua sahani, na asali ya Tabora, ingawa ni fahari yetu, sasa ni kijiko tu. Sigara, katika mkoa unaolima tumbaku, ilikuwa vita, lakini alhamdulillah ameacha.

La tatu ni vipimo: sukari, shinikizo na uzito. Sisi mafundi tuna tepu, basi kila mwezi Mama humpima kiuno na kututumia namba. Tulimshonea pia kanzu za pamba nyepesi, maana zile za polista zilimzidishia joto. Taa inawaka usiku njia ya msalani, na mikeka inayoteleza tumeiondoa, asije akaanguka akavunjika.

Jambo moja msilingoje hata siku moja: mgonjwa akipata maumivu makali ya mgongo, miguu ikafa ganzi au kukosa nguvu, au mkojo ukafunga, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Na dawa za miti shamba, au nia ya kufunga Ramadhani, mwambieni daktari kabla.

Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kama kilo thelathini kutoka bara hadi pwani, kituo baada ya kituo. Baba husema sindano ni kituo, lakini miguu ya kufika kituo kinachofuata lazima iwe yake, na Mama awe pembeni. Amerudi kulala chumbani. Unyumba wao si ule wa zamani, lakini tunasikia wanazungumza hadi usiku.

Waulizeni waume zenu, waulizeni baba zenu. Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.