Keria ya Kwenda Namugongo

Mwishoni mwa Mei 2014 mimi na binamu yangu tulitoka Mumias na Black Mamba mbili, zile baiskeli nzito za kubebea miwa na maziwa, tukashika njia ya Busia. Tulikuwa tunakwenda Namugongo, nje kidogo ya Kampala, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ya tarehe 3 Juni. Miaka 50 ilikuwa inatimia tangu Papa Paulo VI awatangaze watakatifu mashahidi 22 Wakatoliki.

Mumias ina sehemu yake katika habari hizo. Askofu Mwanglikana James Hannington alipita hapo mwaka 1885, akapokelewa na mfalme Mumia wa Wanga, kisha akavuka kuingia Busoga, alikouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mmoja wa mashahidi hao 22, alipomkemea Kabaka kwa damu hiyo, naye akauawa Novemba mwaka uleule. Sisi wa magharibi mwa Kenya hupenda kudai kwamba historia ya Namugongo ilipitia kwetu, na sioni kwa nini tunyimwe.

Mpakani hatukusumbuliwa, mwaka huo kitambulisho cha taifa kilikuwa kimeanza kutosha kumvusha Mkenya. Upande wa pili, baada ya Bugiri, tuliwakuta mahujaji wa kutoka Bungoma wakitembea kwa mstari pembeni mwa lami, rozari mkononi, malori yakiwapulizia vumbi.

"Hija ya magurudumu," alisema mzee katekista aliyewaongoza, bila kucheka.

Mwenye baiskeli barabarani hana kwao. Wa basi humhurumia, wa miguu humwona mvivu. Tungepita na kwenda zetu, lakini mama mmoja, visigino vimemchubuka, alitua furushi lake kwenye keria yangu bila kuomba. "Shikilia hapo, mwanangu." Haikuchukua muda keria zote mbili zikajaa blanketi, sufuria na vidumu vya maji, wala haikuwezekana tena kupanda. Tukawa tunasukuma, kwa mwendo wao, tukijibu Salamu Maria zao. Hapo ndipo tulipojua nani alikuwa akimwombea mtoto aliyepotelea Nairobi, nani alikuwa ameweka nadhiri hospitalini, na nani, kwa kukiri kwake mwenyewe, alitaka tu kuona Kampala.

Iganga tyubu ya binamu yangu ilikufa. Fundi, Mwislamu mwenye kofia safi kuliko mikono yake, aliibandika kiraka, akakataa pesa. "Mkifika, nitajeni." Mzee katekista aliandika jina lake kwenye daftari la nia za misa, chini ya marehemu, kisha akafuta na kulipandisha juu kwa walio hai.

Jinja tulivuka Nile juu ya bwawa, askari wakitukazia macho asije mtu akapiga picha. Msitu wa Mabira ulitupa kivuli, na malori yaliyotusukumia majanini. Namawojjolo wachuuzi walituzingira na kuku wa mishikaki na gonja za kuchoma. Mzee alinunua gonja, akawapa wenye baiskeli kwanza. Hakusema kwa nini, nasi hatukuuliza.

Basilika la Namugongo lina umbo la nyumba ya Kiganda, na nguzo 22. Mahali hapo shahidi Karoli Lwanga alichomwa tarehe 3 Juni 1886, kwa moto wa polepole ulioanzia miguuni. Mama wa visigino alipoelezwa hivyo aliitazama miguu yake iliyofungwa vitambaa. "Basi hii inyamaze," akasema.

Baada ya misa, kutafutana katika umati ule kulikuwa hija ya pili. Kikundi kilikuwa kimekodi basi la kurudi Busia, na kondakta alitaka baiskeli zilipiwe kama mizigo. Mzee katekista alisimama mlangoni, akazuia watu wasipande. Baiskeli hizi ni wanakikundi, alimwambia, na wanakikundi wote walishalipa.