Kuku Hana Mhuri

Ukiingia buchani hapa Dodoma kununua nusu kilo ya ng'ombe, hebu tazama paja linaloning'inia. Utaona alama ya mhuri wa wino. Maana yake yupo mtu aliyeajiriwa kusimama machinjioni, akapasua ini, akapapasa mapafu, ndipo akagonga. Sasa vuka barabara uende kwa wauza kuku. Mhuri uko wapi?

Mimi nilimaliza kidato cha nne miaka mitatu iliyopita. Mchana namsaidia mama mdogo kunyonyoa kuku kwenye soko moja la mjini, usiku naandika riwaya yangu isiyokwisha. Alfajiri matenga yanashuka kutoka Singida, Manyoni na Kongwa. Mchinjaji anachinja, sisi tunachovya kwenye maji ya moto, tunanyonyoa, tunatoa utumbo. Pipa ni moja, na mpaka saa nne maji yake yamekuwa mekundu. Bwana Afya huwa anapita, anauliza choo, anauliza kadi za kupima afya, anaondoka. Kuku hamgusi.

Mkaguzi wetu ni mama mdogo. Kuku anayesinzia anamtenga. Aliyechinjwa, anamtazama ini. Likiwa na madoa, anatupa kuku mzima. Hakuna aliyemlazimisha, ni utu wake tu. Asubuhi moja alitupa wanane, na faida ya wiki ikaenda nao. Jirani wa kibanda cha pili akamcheka: "We mama, macho yako ndiyo mwizi wako!"

Si kwamba serikali haioni. Mwaka 2017 ilichoma vifaranga 6,400 vilivyoingia kutoka Kenya kupitia Namanga, ikasema inakinga nchi na mafua ya ndege. Watu walilalamika huku na huko mpakani. Basi macho yapo, tena makali. Sheria nazo zipo. Ile ya Tasnia ya Nyama ni ya mwaka 2006. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula ikatoka TFDA ikaenda TBS. Ofisi zinabadilika, pipa letu ni lile lile.

Wapo watakaosema kuku ni kitu kidogo, huwezi kumwekea kila mmoja daktari wake. Kweli kabisa. Lakini banda moja la kuchinjia, maji ya bomba na afisa mifugo mmoja kila alfajiri, hayo nayo ni makubwa? Halafu awepo mtu wa juu wa kuuliza huyo afisa alikuja au hakuja, maana mhuri uliogongwa bila kutazama ni wino tu.

Mama mdogo macho yameanza kumchosha. Siku hizi ananiita, "Hebu nitazamie hili ini, mwanangu." Namtazamia. Ila sikusomea kazi hiyo, na jirani yule wa kibanda cha pili hatazami kabisa. Supu uliyokunywa jana, msomaji, ilitoka kibanda kipi?